Sukari ya Chuo

Mwaka ule sukari ilikuwa imepotea Uganda nzima, na mtu akikuletea kilo mbili mlangoni unamwombea dua kabla hujamuuliza anatoka wapi. Ndivyo walivyonipata. Mimi Hawah, msuka kawa za kufunikia chakula wa Koboko, mwanamke ambaye hata wauza chumvi hawathubutu kumpunja, nilitegwa kwa sukari kama panya kwa dagaa.

Ilikuwa katikati ya matanga ya dada yangu Sadiya. Nyumba imejaa wanawake, jiko limejaa moshi, na binti yangu Medina amelala chumba cha nyuma, mkono wa kulia umefungwa plasta. Alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu cha wasichana huko Arua, mfungaji wa timu yao ya netiboli. Lori la chuo lilimrudisha siku chache kabla ya msiba. Mkuu wa chuo, Bwana Dramadri, alituma neno kwamba ameanguka kutoka kwenye lori hilo hilo timu ilipokuwa ikirudi kutoka mechini. Niliamini. Barabara zetu nazijua, na watoto wenyewe hawakai chini wakishinda.

Basi baada ya alasiri akaingia shemeji yangu Hamuza, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye dereva wa lori hilo. Nyuma yake walikuwa wazee wawili wa Arua wenye kanzu safi, siwajui. Hamuza akanikabidhi mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa uzi mwekundu.

"Mama Medina, hii sukari inatoka kwa chuo," akasema.

Kwetu vitu vya matanga havihojiwi. Mtu akileta kuni unapokea, akileta unga unapokea, akileta cha kunywa unamtilia na wewe unakunywa naye, asije akaona umemdharau. Nikachemsha chai, nikawatilia, nikanywa. Wale wazee wakanitazama mpaka nikamaliza kikombe changu. Kisha wakashukuru Mungu kwa sauti, wakapeana mikono na Hamuza, wakaondoka bila hata kuuliza marehemu alikuwa akiumwa nini. Nami kwa ujinga wangu nikasema moyoni kwamba chuo kile kina adabu.

Tulipoanua matanga, wageni wakatawanyika, nikaenda kumpaka Medina mafuta. Akageuza uso ukutani.

"Mama, mimi hapana anguka," akasema. "Kocha alinipiga."

Alinieleza yote akiutazama ukuta. Kocha wao, Umaru, alikuwa sajini wa michezo jeshini kabla ya kuletwa chuoni. Kila baada ya mazoezi alichagua msichana mmoja aende nyumbani kwake kufua jezi za timu. Msichana hurudi usiku, jezi ni zile zile chafu, na hakuna anayemuuliza kitu. Zamu ya Medina ilipofika alikataa. Kesho yake Umaru akamtoa mbele ya wenzake, akasema huyu ni mvivu wa mazoezi, akampiga kwa mpini wa jembe mpaka mfupa wa mkono ukavunjika. Wenzake walisimama kwenye mstari wa uwanja, wakatazama. Bwana Dramadri alikuwa dirishani kwake. Medina alimwona akilifunga.

Sina haja ya kueleza nilivyokuwa. Niliichukua kawa niliyokuwa nasuka nikaipasua kwa mikono, na ukindu haupasuki ovyo. Kilichonichoma zaidi ni kwamba jina la mwanangu lilikuwa limekwisha kukatwa chuoni, ati ameacha masomo kwa hiari yake. Timu ilikuwa imezishinda wilaya zote za karibu, fainali ilikuwa Kampala, na Bwana Dramadri alikuwa ameweka kombe la mkoa la mwaka jana juu ya meza ofisini pale ambapo kila mgeni lazima aligonge kwa kiwiko. Kwa kombe hilo mwanangu asiwe mwalimu? Nilitaka Medina arudi darasani, na nilitaka ijulikane kwa nini alitoka.

Nikapanda lori la watu wa tumbaku hadi Arua, nikaenda kwa kamati ya michezo ya vyuo. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Tahiru, mtu wa kwetu, mwana wa askari wa zamani kama sisi sote, mcheza mpira mashuhuri wakati magoti yalipokuwa yake. Kanuni yao ilikuwa wazi: chuo kinachomfichia kocha uovu wake hufungiwa. Nikamweleza. Akaita kikao, akamwita Bwana Dramadri, akamwita Umaru. Umaru hakuja. Aliyekuja na Bwana Dramadri ni shemeji yangu Hamuza, amevaa kofia mpya.

Nilipomaliza kusema, Hamuza akasimama.

"Mzee, hii maneno iliisha," akasema. "Wazee walipeleka sukari Koboko. Mama alipokea, alikunywa. Mimi mwenyewe niliona."

Kwetu, familia ikikosewa, upande wa mkosaji hutuma wazee wawili na sukari, kwa mkono wa mtu wa nyumba hiyo hiyo. Mama wa nyumba akinywa mbele yao, neno limekwisha, halifunguliwi tena msikitini wala barazani. Desturi hii naijua tangu nikiwa mtoto. Lakini nani huleta suluhu matangani? Nani humnywesha mtu msamaha kabla hajajua amekosewa nini? Bwana Dramadri si Mwislamu wala si mtu wa kwetu. Mtu alimfundisha, na mtu huyo alikuwa amesimama mbele yangu na kofia mpya.

"Mama Medina, ulikunywa?" Mzee Tahiru akauliza.

"Nilikunywa ya matanga. Mimi hapana jua hii ingine."

Mzee akajikuna ndevu. Nilimwona anaumia, lakini mtu wa desturi ni mtu wa desturi.

"Kama moyo yako iko bado na hii maneno, rudisha kitu ulipokea," akasema. "Sukari kwa sukari, kilo mbili, hapa kwa meza. Juma ijayo tunakaa tena. Kama sukari hapana, maneno hapana."

Bwana Dramadri akatabasamu kidogo. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba maduka yote ya Arua yalikuwa na kiberiti na vumbi tu. Timu ingesafiri Kampala mwisho wa juma hilo hilo.

Nje barazani wasichana wa timu walikuwa wakisubiri, maana chuo kizima kilikuwa na habari. Mbele yao alisimama nahodha wao, Paska, msichana mrefu ambaye mama yake alikuja kutoka Sudani wakati wa vita. Nilimjua. Siku za likizo alikuwa akija Koboko na Medina, akila kwangu.

"Mama Medina, unataka kutuharibia Kampala juu ya mukono moja," akaniambia. "Kila mutu kwa hii timu iko na yake. Sisi hapana lia."

Nilimkemea. Nikamwambia adabu ameiacha wapi. Maneno yake yenyewe sikuyasikiliza, nilisikia ukali wake tu.

Nikarudi Koboko na kopo tupu, nikaanza nyumba kwa nyumba. Wanawake walikuwa wamekunywa sukari ile kwenye matanga, wote, nami nikawaambia kila mmoja alikunywa nini. Wengine walianza kulia. Wengine walitukana, na matusi ya wanawake wa Koboko si ya kuandika. Lakini kila mmoja aliingia ndani akatoka na alichokuwa nacho: kijiko, nusu kijiko, kifundo cha karatasi kilichokuwa kimefichwa chini ya godoro kwa ajili ya mgonjwa. Bi mmoja, ambaye binti yake alikuwa karibu kujifungua, alinipa sukari ya uji wa mzazi. Nikamrudishia. Akaimwaga mwenyewe koponi mwangu, akaniambia nisimfundishe la kutoa. Mwingine alileta sukari guru, ile nyeusi ya mabonge, nikamshukuru, lakini nilijua Hamuza angeikataa. Hata hivyo nilipopima, kilo mbili hazikutimia. Ilipungua karibu robo kilo.

Siku moja kabla ya kikao nikaenda Awindiri, mtaa wa Arua, kwa Natalina, mama yake Paska. Ni muuza samaki, mteja wangu wa kawa wa miaka mingi, na nilijua wauza samaki hawakosi njia zao. Sikutaka kumtajia mwanawe. Nilimweleza ya Medina tu, jezi na mpini wa jembe na mfuko wa Hamuza.

Alikuwa akiparua samaki. Kisu kikasimama.

"Mufuko ilikuwa namna gani?" akauliza.

"Ya kitambaa. Iko na uzi nyekundu."

Natalina akanawa mikono, taratibu mno, akaingia ndani. Alitoka na mfuko wa kitambaa wenye uzi mwekundu, umebaki na sukari kama robo chini, akiba ya mgonjwa.

"Walileta mwaka jana, wakati timu ilishinda kombe," akasema. "Mukubwa ya chuo mwenyewe, na wazee wawili. Alisema ni zawadi ya nahodha. Mimi nilifurahi, nilipika chai, nilikunywa mbele yao." Akaukunja mdomo wa mfuko. "Paska siku hizo alikuwa hapa. Hapana kula. Nilifikiri ni malaria."

Tulikaa pale na samaki wakiwa katikati yetu, nzi wakijishibia. Ndipo maneno ya Paska yakanirudia, yale niliyomkemea, na safari hii niliyasikia yote. Natalina hakulia.

"Mimi si mutu ya desturi yenu," akasema mwishoni. "Lakini walininywesha desturi yenu. Kesho nakwenda na wewe."

Siku ya kikao niliweka kopo langu mezani. Mzee Tahiru akapima, ikapungua. Hamuza akafungua mdomo. Kabla hajasema, Natalina akaweka mfuko wake kando ya kopo, akawataja waliouleta kwake, mkuu wa chuo na wazee wawili, na mimi nikauweka ule wangu mtupu kando ya wa kwake, uzi kwa uzi. Mzee akainua huu, akainua ule, akavuta uzi kwa kidole. Mlangoni walikuwa wamejaa wasichana, na Paska mbele yao, akimtazama mama yake.

"Hii ya pili ilikuwa suluhu ya nini?" Mzee akamuuliza Bwana Dramadri.

Bwana Dramadri akasema ilikuwa zawadi ya ushindi.

"Na wazee wawili wa nini? Zawadi inataka mashahidi?" Mzee akamgeukia Hamuza. "Wewe ndiyo ulipeleka ya Koboko. Mifuko ngapi ingine umepeleka?"

Hamuza akavua ile kofia mpya. Alivyoishika, kila mtu alielewa kwamba iko mifuko mingine. Nilitaka nimpige. Nilitaka pia ndugu yake afufuke aone. Mzee Tahiru akamimina sukari ya Natalina juu ya yangu, kilo zikatimia, akasema neno limefunguliwa.

Hukumu haikuchukua muda. Chuo kilificha uovu wa kocha, na kwa hiyo chuo hakiendi Kampala mwaka ule wala mwaka unaofuata, na kombe lirudishwe. Jina la Medina lirudi, amalize ualimu wake. Nikangoja. Nikauliza, na Umaru je? Mzee akashusha sauti. Kamati ya michezo inaweza kufunga timu, akasema, lakini sajini ni mtu wa jeshi. Wao wataandika tu kwamba hawamtaki, arudi alikotoka. Wote mle ndani tulijua maana yake. Angepewa uwanja mwingine, mbali kidogo, na wasichana wengine wa kufua jezi. Mwaka haukwisha tukasikia yuko ng'ambo ya Nile na filimbi yake shingoni.

Nilitoka nje na furaha ya nusu kikombe. Medina alikuwa ameketi kwenye ukuta wa baraza, mkono wake kwenye kitambaa. Nilimwambia atarudi darasani, akaitikia kwa kichwa. Wasichana wa timu walikuwa wameketi chini mavumbini, wengine wanalia waziwazi. Hawakuwa na kosa lolote. Walikuwa wamefanya mazoezi jua na mvua, na baadhi yao hawakuwa wamewahi hata kuvuka Nile, Kampala kwao ilikuwa redioni tu.

Paska hakuwa analia. Alinijia akasimama mbele yangu, mrefu kuliko mimi, amevaa viatu vya safari alivyoazima. Nikajiandaa kutukanwa, na safari hii nilikuwa nimeazimia kunyamaza.

"Mama Medina," akasema polepole, "ile yote nilivumilia juu ya Kampala. Kila siku nilikuwa nasema, vumilia, Kampala iko mbele. Sasa Kampala hapana. Nilivumilia juu ya nini?"

Mimi nina mdomo, Koboko yote inajua. Nilibaki nikivitazama vile viatu vya kuazima. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyomwonea wa tumbo langu, maana wangu alikuwa amekataa, akavunjwa mkono, na mkono unaunga. Natalina akatoka na kopo la sukari ambalo hakuna mtu aliyetaka kulichukua. Alipomwona mwanawe amesimama hivyo akaliweka chini.

Medina akasogea kwenye ukuta, akapiga-piga nafasi kando yake kwa mkono wake mzima. Paska akasimama kitambo. Kisha akaketi.