Shamba la Juu la Tabea

Jumanne moja ya Septemba, saa nne asubuhi, Tabea Mgaya alikuwa amekaa kwenye benchi la stesheneri ya Dainess mjini Makambako, na jogoo mwekundu kwenye kikapu. Jogoo huyo alikuwa na historia fupi. Jana yake Tabea alikuwa amempeleka kwa mtendaji wa kijiji chake cha Kifanya, alipokwenda kujiandikisha kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mtendaji, kijana anayeitwa Amon, alisema kujiandikisha ni bure, akafungua daftari, na akamkataa jogoo. Alikuwa ametoka kwenye semina ya kupambana na rushwa, na mtu akitoka semina huwa hashikiki.

Sasa, kwa watu wa umri wa Tabea, mkono mtupu haulambwi, na anayekataa kuku wako ameikataa na shida yako. Tabea aliliangalia lile daftari la bure akaona halina nguvu. Akamchukua jogoo wake akaondoka kabla ya kuweka dole gumba.

Na shida yenyewe haikuwa ndogo. Ekari moja na nusu aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa imechoka, na shemeji yake Anania, msemaji wa ukoo, alikwishamwambia mara mbili: "Shemeji, nakuheshimu. Ila msimu huu usipofikisha gunia kumi, shamba linarudi kwenye ukoo, tupande miti ya paini." Bila mbolea, gunia kumi zisingepatikana. Bila shamba, Tabea hakuwa na pengine pa kupata ugali wake.

Dainess aliandika "usajili wa mbolea" kwenye kompyuta, akafungua tovuti iliyotokea juu kabisa. Ilikuwa na bendera, nembo inayofanana na ya serikali ukiitazama haraka haraka, na picha ya mahindi ya kijani kibichi. Ilitaka shilingi elfu thelathini na tano za uhakiki. Jogoo akauzwa kwa mama lishe wa jirani, na pesa iliyopungua ikatoka kwenye fundo la kitenge. Tovuti ikajibu papo hapo: Asante sana, Tabea. Shamba lako limesajiliwa.

"Umewaona?" alisema Tabea. "Hawa wana adabu."

Ijumaa asubuhi shamba lilikuwa juu. Lilitanda hewani juu ya shamba lake lililo kavu, kwenye kimo cha minara miwili ya simu, ekari moja na nusu kamili, pamoja na ile pembe iliyokatwa na mfereji. Mahindi yake yalikuwa yameota yakielekea chini, kwa mistari iliyonyooka, nafasi kati ya shina na shina ikiwa ile ile wanayoihubiri mabwana shamba miaka yote. Kila bua lilibeba mahindi mawili. Upepo ulipopita, majani yalisuguana kule juu, na chavua ya njano ikamwangukia Tabea begani.

Aliweka jembe chini. Alilia kidogo, kwa sababu lilikuwa zuri, na hakuwahi kuwa na kitu kizuri kiasi kile chenye jina lake. Jirani yake Scolastika alipita na ndoo kichwani, akasimama.

"Kamwene, mama Tabea. Hilo ni lako?"

"Ni langu."

"Hongera. Limekubali," alisema Scolastika, akaendelea na safari yake ya kisimani.

Kabla ya mwezi kwisha mashamba ya juu yalikuwa mengi. Madereva wa malori ya mbao waliyaona tangu Makambako, vipande vya kijani vimening'inia juu ya vilima vilivyokauka, na kila kimoja kilikuwa juu ya shamba la mtu aliyelipa. Amon alitembea kijiji kizima shingo juu, akihesabu. Alipata mia moja na kumi na mbili. La mia na kumi na mbili lilikuwa juu ya bustani ya mke wake. Alikaa kwenye jiwe akavua kofia.

"Na daftari lilikuwa pale pale mezani kwetu," alimwambia mkewe jioni.

"Wewe hukuniambia kama lina nguvu," alijibu mkewe, akampakulia viazi.

Vijana walifunga mianzi kumi pamoja wakajaribu kuyafikia. Ncha ya mwanzi iligusa jani moja, jani likadondoka, Tabea akalidaka. Lilikuwa na ubaridi wa umande. Alilishika kwa mikono miwili mpaka likaisha, kama barafu inavyoisha, ila mikono yake ilibaki mikavu. Mchungaji Jumapili ile alisema kila kilicho kijani kinastahili shukrani, kisha akasoma matangazo ya harusi.

Novemba mvua zikaanza. Ziliyanyeshea kwanza mashamba ya juu, halafu zikachuruzika taratibu mpaka chini, zikiwa na harufu ya udongo mzuri. Tabea alikwenda kwa wakala wa mbolea na ile risiti ya Dainess. Wakala aliingiza namba kwenye mashine, akangoja, akaingiza tena. Kisha akachungulia dirishani kuelekea Kifanya.

"Mama, huko juu umesajiliwa vizuri sana," alisema. "Kwangu jina lako halimo."

Alirudi kwa Amon mbio. Daftari lilikwisha kufungwa na kupelekwa wilayani. Amon alimwomba radhi, na Tabea akamwomba radhi yeye, na wote wawili walimaanisha. Kwa afisa mmoja mjini Njombe, ambako alikwenda kushtaki, aliulizwa tovuti ilimwahidi nini.

"Kusajili shamba langu."

"Shamba lenyewe liko wapi?"

Tabea akamwonyesha. Afisa alisimama dirishani muda mrefu, mdomo wazi kidogo. "Ee Mungu wangu," alisema kwa sauti ya chini, kisha akakaa, akaandika kwenye jalada kwamba huduma ilitolewa.

Akapanda hivyo hivyo. Januari mahindi ya chini yalikuwa ya manjano, marefu kama mkono wa mtoto. Ya juu yalizidi kunenepa. Julai Tabea alivuna gunia mbili na debe moja, akazipanga mlangoni ili asionekane anaficha kitu. Anania alikuja, akahesabu kwa macho, hakufurahi hata kidogo. Alitembea mpaka katikati ya shamba, akatazama juu, naye akavua kofia.

"Lile je, shemeji?" aliuliza Tabea.

"Lile lina jina lako. Ukoo hauna mkono wa kufika kule." Akavaa kofia. "Hili la chini, Oktoba tunachimba mashimo."

Mwezi ule ule tovuti iliweka picha mpya kwenye ukurasa wake wa mbele: Tabea amesimama, uso juu, chavua imemjaa kwenye kilemba, chini yake maandishi, Wateja wetu wanashuhudia. Hakuna aliyejua nani alipiga. Ada ilikuwa imepanda kufikia elfu arobaini.

Oktoba mashimo yalichimbwa. Siku yalipokwisha, mdogo wake Ema alipiga simu kutoka Igwachanya.

"Dada, nimekuona kwenye mtandao! Nataka kulipa na mimi."

"Usilipe, Ema. Nenda kwa mtendaji wenu, anaandika bure. Mbolea inatoka huko. Hawa hawatoi hata kiganja."

"Na la juu? Mtendaji analitoa?" aliuliza Ema.

"Hapana."

"Lako bado lipo?"

Tabea akatazama. "Lipo."

"Haya, dada. Nimekusikia," alisema Ema, akakata simu.

Asubuhi ya siku ya tatu, mbali sana upande wa Igwachanya, palikuwa na kipande kipya cha kijani mawinguni, kidogo kama leso. Tabea alikiona akiwa amesimama katikati ya mashimo ya paini, mikono kiunoni. Jua lilikuwa linakipiga kwa ubavu, na kila mstari wa mahindi ulionekana.

"Jamani, Ema," alisema, machozi yakimtoka. "Ni zuri."

Na lilikuwa zuri kweli.