Semina ya Kuzungumza na Watoto

Kengele ya saa kumi na mbili ilipolia, Mama Kola alikuwa ameshakunja aproni. Jina hilo walimpa kiwandani, kwa kuwa miaka tisa hakushona kingine ila kola za mashati. Mikono ya shati, alizoea kutania, hata akipishana nayo njiani hawezi kuitambua. Leo hakuwa na mzaha. Binti yake wa miaka kumi na tano, ambaye miezi minne sasa haondoi macho kwenye simu ila kuulizia chaja, asubuhi hiyo alikuwa ameinua uso.

"Mama, leo uwahi. Nina jambo."

Akakuta mlango wa kutokea umefungwa. Msimamizi alitangaza kuwa kuna semina, na asiyesaini mahudhurio atahesabiwa mtoro. Mama Kola alishaandikiwa utoro mara mbili, zote za kumpeleka binti huyohuyo hospitali. Wa tatu ni kufukuzwa. Alimfuata msimamizi, akamweleza taratibu kwamba mwanawe anamsubiri.

"Semina yenyewe inahusu watoto," msimamizi akasema. "Utafaidika."

Akaomba basi apewe simu yake, apige mara moja tu. Akaambiwa simu za wafanyakazi zimo kabatini, ufunguo anao mlinzi, na mlinzi naye yumo kwenye semina.

Wakakaa juu ya marobota ya vitambaa. Mtaalamu, mwanamke mwenye sauti ya upole, alieleza jinsi mitandao inavyowanasa vijana, kisha akatoa dawa yake: mzazi ale na mtoto chakula cha jioni, amuulize siku yake ilikwendaje, amsikilize bila haraka. Mama Kola akanyoosha mkono.

"Saa ngapi, dada?"

Wenzake wakacheka chini chini. Mtaalamu akamtazama msimamizi. Msimamizi akaomba swali lingine.

Alifika nyumbani akihema. Binti alikuwa amejilaza akiuelekea ukuta, mwanga wa simu usoni.

"Nimekuja, mwanangu. Niambie."

"Basi tu, mama. Nimeshamwambia mtu."

"Mtu gani?"

"Wa mtandaoni. Humjui. Yeye nikiandika anajibu hapohapo. Amesema nisimwambie mwingine."

Mama Kola alimshika bega. Binti akalitoa, bila ukali, kama anayefukuza nzi. Aliulizwa mtu huyo ana umri gani, anakaa wapi, akageuka chali na kuinua simu juu ya uso. Kumnyang'anya simu? Mwezi uliopita alimnyang'anya, mtoto akakaa siku tatu hali chakula, hasemi.

Akaketi kwenye kitanda cha pili, hatua mbili tu kutoka pale, akatoa simu aliyorudishiwa kiwandani, na kwa kidole kilichokufa ganzi kwa kushona akaandika: Mwanangu, una nini?

Simu ya binti ikalia. Akausoma ujumbe. Papo hapo ukaingia mwingine, si wa mama, na uso wake wote ukalegea kwa tabasamu, vidole vikaanza kukimbia.

Mama Kola aliikodolea macho simu yake, akingoja, mpaka kioo kikazimika chenyewe.