Mama Mkwe Kwenye Nyasi

Mayunga aliendesha lori la pamba la chama cha ushirika kwa miaka kumi na moja, na hakuwahi kuogopa kitu barabarani ila matope ya masika. Soko lilipofunguliwa, pamba ikachukuliwa na wafanyabiashara binafsi, lori likauzwa, naye akaangukia kazi ya kuwatembeza wazungu kwa Landrova. Sharti la kazi lilikuwa moja: penye simba, dereva hashuki.

Asubuhi hiyo alikuwa na mzungu mmoja na mkewe. Walikuwa wametoka Bariadi alfajiri, na walikuwa hawajafika hata mpakani mwa pori la akiba, bado wako kwenye malisho ya wanakijiji, alipowaona: simba majike wanne, wamejilaza katika nyasi ndefu kushoto mwa njia ya ng'ombe. Akapunguza mwendo, akasimama. Mzungu akaanza kupiga picha.

Ndipo Mayunga alipomwona mwanamke anakuja na njia ile ile, peke yake, fimbo mkononi, akimwita mtamba aliyepotea. Alimtambua kwa mwendo tu. Alikuwa Milembe, mama wa mkewe Minza.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa Wasukuma wa zamani, na Milembe alikuwa wa zamani hasa, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Wakikutana njiani, mama huacha njia, akachuchumaa pembeni na kujifunika mpaka mwanamume apite. Miaka tisa ya ndoa, Mayunga hakuwahi kuuona vizuri uso wa mama huyo, seuze kumgusa.

Akinyamaza, mama atawafikia simba. Akamwita kwa heshima ya Kisukuma, mayu, yaani mama.

"Mayu! Simama hapo hapo! Kuna simba!"

Milembe alimwona mkwe kabla ya kuwaona simba. Kabla hajawaza lolote, miguu ikafanya kile ilichofundishwa tangu usichana: ikaacha njia, ikaingia kwenye nyasi, kushoto. Akachuchumaa, akajitupia khanga kichwani. Kati yake na simba hazikuzidi hatua ishirini.

Jike mmoja akainua kichwa.

"Mayu, toka huko! Njoo kwenye gari!"

"Pita kwanza, baba," sauti ikatoka chini ya khanga. "Ukishapita nitainuka."

Mayunga akapandwa na hasira. Heshima gani hii ya kuwalisha simba mtu! Akaliingiza gari kwenye nyasi, akalipenyeza katikati ya mama na simba, akaufungua mlango wa upande wa mama. "Panda!"

"Nipande uliko wewe? Heri nife."

Wala hakuwa anatania. Yule jike alikwisha inuka. Alizunguka mbele ya gari polepole, tumbo chini, macho kwenye ile khanga. Mayunga akapiga honi. Simba akasita, kisha akaendelea.

Dereva akashuka. Mzungu alipiga kelele nyuma yake, hakumsikia. Akamshika Milembe mkono, mkono mwembamba wenye joto, na mama ambaye hakuwa amemlilia simba akalia kama aliyeunguzwa. Mayunga akamwinua mzima mzima, akamtupa ndani, akajirusha juu ya miguu yake na kuuvuta mlango. Kucha zikakwaruza bati. Akakanyaga mafuta.

Hawakusimama mpaka walipoanza kuona mashamba. Milembe alikuwa amejisogeza nyuma kabisa, karibu na miguu ya mama wa Kizungu, amempa Mayunga mgongo. Mayunga aliona aibu kuliko hofu. Angemwambia nini Minza?

Milembe akamgusa mama wa Kizungu goti. Neno kati ya wakwe hupitia kinywa cha mtu wa tatu, na hapo mtu wa tatu ndiye huyo, ingawa Kisukuma hakijui hata salamu.

"Mwambie mkwe wangu," Milembe alisema kwa Kisukuma, "leo hakuwa na adabu hata chembe."

Mama wa Kizungu akaitikia kwa kichwa, anatabasamu, macho yamemtoka.

Milembe akaivuta khanga usoni. Kisha akaongeza polepole: "Mwambie namshukuru."

Mayunga alikuwa amesikia kila neno. Hata hivyo alisubiri, kama inavyopasa, mpaka yule mama wa Kizungu alipoitikia tena kwa kichwa.

"Mwambie mama," akasema, machozi yakimshuka, "salamu zake zimenifikia."