Siku Hamsini na Saba za Mbwa wa Kumi na Moja

Nimechoka kuulizwa. Kila nikienda Bungoma, iwe kanisani au matangani, hakosekani mtu wa kunivuta kando: "Wabwile, kwani ulikuwa na haja gani ya kusema?" Kana kwamba wao wangenyamaza! Leo nitaeleza mara moja tu, toka mwanzo hadi mwisho, halafu mniache nipumzike.

Mwaka wa hamsini na moja nilikuwa nafanya kazi kwa daktari mmoja Mzungu, jina lake Pelham, nje kidogo ya Kitale, kwenye barabara ya kwenda Endebess. Alikuwa mpasuaji. Siku nyingi alipasua watu mjini, na kila Jumanne na Ijumaa alasiri alikuja kupasua mbwa katika ghala la zamani la mahindi alilokodi kwa mkulima fulani. Mimi nilikuwa mtunza mbwa. Niliwalisha, nikawafunga vidonda, nikafagia. Watu wa soko la kijiji cha Kwanza walinicheka sana, ati mtu mzima aliyesoma mpaka darasa la sita anabembeleza mbwa wagonjwa. Niliwaambia wauze mahindi yao waniache na kazi yangu.

Na ilikuwa kazi, si mchezo. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hiyo hushuka kwenye utumbo kwa mfereji mwembamba, unene wake kama bua la ngano. Mfereji ukikatika au ukiziba, nyongo haina pa kwenda. Inarudi kwenye damu. Macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, na mwili unawasha bila kupumzika. Daktari alitaka kujua kama kipande cha mshipa wa damu, kilichotolewa shingoni mwa mbwa huyohuyo, kinaweza kushonwa mahali pa mfereji ulioharibika na kupitisha nyongo kama kawaida.

Sasa utajuaje kama nyongo inapita? Kwa mavi. Ndiyo, nimesema mavi, sioni haya. Nyongo ndiyo inayoyapa rangi. Yakiwa ya kahawia, njia iko wazi. Yakipauka kama majivu, njia imeziba. Kila asubuhi nilitazama, nikaandika kwenye daftari, na daktari alipofika alisoma daftari langu kabla hata ya kuvua kofia. Damu ya mbwa ilipelekwa Nairobi kupimwa, na majibu yalichukua wiki tatu, wakati mwingine hayakuja kabisa. Kwa hiyo daftari langu ndilo lililokuwa na neno.

Mbwa kumi walikuwa wameshakufa. Huyu wiki ya tatu, yule wiki ya tano, wote kwa namna moja: mavi meupe, macho manjano, kisha hawali. Sikuzoea. Ningeacha kazi ile kwenye mbwa wa tatu kama si dada yangu Dinah.

Dinah alikuwa mdogo wangu wa pekee, mjane, mama wa kanisa kule Bungoma. Alikuwa amepasuliwa katika hospitali moja mbali na huku, sitaitaja, kutolewa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mkono wa aliyempasua uliteleza, ukakata na mfereji. Kidonda kilipona vizuri kwa nje, lakini ndani mambo yaliharibika, na Dinah akawa manjano. Nikamleta kwangu Kitale, nikamwomba Daktari Pelham amtazame. Alimtazama, akamfungua, akamfunga tena. Akanitoa nje.

"Mfereji yake nakwisha," aliniambia kwa Kiswahili chake. "Iliyobaki ni kidogo sana, nalala ndani ya ini. Mimi hapana weza vuta utumbo mpaka kule. Nataka kitu ya kuziba pengo. Mbwa moja tu ikifika siku sitini, mavi yake mazuri, mimi nashonea Dinah mshipa. Mbele ya hiyo, hapana. Mimi hapana taka kuua yeye."

Basi tukangoja mbwa. Mimi na dada yangu, watu wazima, tukawa tunaomba Mungu kwa ajili ya tumbo la mbwa.

Kungoja kwenyewe kulikuwa mateso. Dinah alijikuna mikono, mgongo, hata nyayo. Nilimkata kucha zote, akatumia gunzi la mahindi mpaka ngozi ikachubuka. Miezi saba hakupata usingizi wa kueleweka. Mchana alikaa ghalani karibu na mbwa wa kumi na moja, dume jekundu lenye masikio yaliyolala, akimwita "pacha wangu". Jioni tukila nilimpa habari zote za daftari, maana ndizo tulizokuwa nazo.

Siku ya kumi mavi yalikuwa ya kahawia. Siku ya ishirini, kahawia. Ya thelathini, bado kahawia, nikaanza kuimba nikifagia. Siku ya thelathini na nne yakapauka. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamwambia Dinah, akaweka tonge chini asile tena. Keshoye hivyohivyo. Lakini siku ya thelathini na saba, jamani, yakarudi kuwa na rangi! Tena rangi nzito. Daktari alipokuja Jumanne alinishika bega akacheka kama mtu aliyeshinda kesi. Alisema pengine mshipa ulivimba kidogo kisha ukafunguka. Mimi niliona macho ya mbwa yana umanjano kwa mbali, nikajiambia ni mwanga wa ghala. Nilitaka kuona mbwa mzima, nikaona mbwa mzima. Hilo kosa ni langu, simsukumii mtu.

Ikafika siku ya hamsini na saba, siku ya Ijumaa. Siku ya sitini ingekuwa Jumatatu, na kitanda cha Dinah kilikuwa kimeshawekwa kwa Jumanne.

Asubuhi hiyo nilikutana na Jerono kwenye uzio. Jerono alikuwa jirani yetu, mke wa mkamuaji wa lile shamba, mtu wa Mlima Elgon, upande wa Kapsokwony. Kwao mgonjwa aliyeishiwa nguvu hupewa maziwa yaliyokorogwa na damu ya fahali, damu inayotolewa shingoni fahali akiwa mzima, kisha kidonda kikabanwa, naye akarudi malishoni. Alikuwa anamletea Dinah kibuyu kila siku mbili, nami nilidhani ni maziwa matupu.

"Naona dada yako anakipenda," aliniambia kwa furaha. "Kibuyu kinarudi kikavu. Damu itamrudisha, utaona."

Nikasimama pale kama nimepigwa. Dinah wangu hakunywa damu tangu abatizwe. Kwetu nyumbani hata supu ya matumbo aliichunguza kwanza.

Nilikwenda ghalani mbio. Nilichukua yale mavi ya mbwa, nikayakoroga kwenye kopo la maji. Hayakuwa ya kahawia. Yalikuwa meusi, na maji yakageuka mekundu. Ile rangi niliyoiandika siku ishirini ilikuwa damu tupu.

Dinah alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yangu, anajikuna kisigino.

"Dada, maziwa ya Jerono unampa mbwa?"

"Nampa," akajibu bila kushtuka. "Mimi siwezi kunywa damu. Na kumrudishia Jerono kibuyu kimejaa ni kumtukana. Nikaona mbwa asaidie."

Nilishusha pumzi. Nikaanza kumweleza taratibu kwamba si kosa lake, kwamba asingeweza kujua damu inabadilisha rangi, kwamba tutamweleza daktari naye ataelewa.

"Wabwile, kaa chini," akanikata. Nikakaa. "Nilijua. Si ni wewe uliyeniambia? Kila jioni mezani, mavi hivi, mavi vile, mpaka ugali ukawa haushuki. Uliposema yamepauka, nilijua nitaambiwa ningoje mbwa wa kumi na mbili. Mimi siwezi kumfikia mbwa wa kumi na mbili, ndugu yangu. Sina hizo siku."

"Lakini mshipa umeziba! Anakwenda kukushonea kitu kitakachoziba!"

"Kiliziba siku ya thelathini na nne. Kabla ya hapo yule mbwa alikuwa analala. Mimi nilikuwa nakaa naye, nilimwona. Analala jua limempiga ubavuni, hajikuni, hata nzi hamsumbui. Mwezi mzima. Nipe huo mwezi."

"Unaweza kufia mezani, Dinah."

"Nitakuwa nimelala."

Nilimfokea. Nilimwita mpumbavu, nikamwita mwongo, mimi ambaye sijawahi kumwinulia sauti tangu tuko wadogo. Nilimwambia daktari ameshaandika barua kwa wenzake Nairobi, kwamba wako watu wengine wenye macho ya manjano kama yeye, nao watapasuliwa kwa sababu ya daftari langu, na wataziba, na watakufa. Nikamwuliza kama hao si watu.

"Ni watu," akasema. "Lakini hao wana ndugu zao. Mimi nina wewe."

Ninyi mnaoniuliza, mngekuwa na jibu la hilo mngekuwa mmeshanipa.

Niliondoka nikakaa ghalani mpaka alasiri. Mbwa alikuja akaweka kichwa kwenye kiatu changu. Nilifikiri mambo mengi. Nilifikiri, mwezi mmoja si kitu kidogo kwa mtu asiyelala. Nilifikiri, pengine kwa binadamu mshipa utakaa. Halafu nilimfikiria mwanamke mmoja nisiyemjua, sijui wa Machakos, sijui wa Mombasa, analazwa mezani huku watu wake wanaomba nje ya mlango. Sikuwa na sababu ya kumpenda mwanamke huyo. Nilimchukia kidogo, kusema kweli.

Daktari alifika akipiga mbinja. Akanyoosha mkono apewe daftari, na mimi ningeweza kumpa tu, kama Ijumaa nyingine zote.

"Bwana daktari," nikasema, "daftari hili ni la uongo." Nikamwonyesha lile kopo.

Alikaa juu ya gunia. Akayatazama macho ya mbwa safari hii kwa makini, kisha akaniambia nilete vifaa. Tulimlaza mbwa usingizi wa kutoamka. Ndani, ule mshipa tuliouombea Mungu ulikuwa umesinyaa, mgumu, mwembamba kama kamba ya kiatu. Daktari alijaribu kupitisha waya ndani yake, usipite. Akaosha mikono.

"Wewe naokoa mimi, Wabwile," akasema.

Nilikasirika. Sikusema ili nimwokoe yeye. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti, na kwa siku zile mtu mweusi hakumsemesha Mzungu namna ile. Hakunifukuza. Alikwenda mwenyewe hadi kizingitini kwa Dinah, kofia mkononi, akamweleza kwamba Jumanne haipo tena, na kwamba hajui dawa nyingine. Dinah alimsikiliza, akamwambia asante, daktari. Mimi hakunitazama.

Kesho yake alipanda lori la mahindi kurudi Bungoma. Nilimbebea mzigo wake mpaka barabarani, akaupokea kama anapokea kwa mtu wa kukodi. Nikamtumia sabuni, nikamtumia mafuta ya kujipaka, nikaandika barua tatu. Hakuna jibu. Watu wa kanisa lake walikuja kujua habari yote, na hapo ndipo haya maswali yenu yalipoanzia.

Mwezi wa tisa nilipata salamu kwamba ananitaka. Nilimkuta amelazwa mkekani barazani, mchana, majirani wamemwekea maji na uji asiokunywa. Ngozi ilikuwa imegeuka kijani, mikono imebaki mifupa. Alinionyesha mahali pa kukaa. Tukaongea habari za mahindi, za mvua, za Jerono aliyemtumia maziwa matupu safari hii, bila damu. Halafu akaniuliza.

"Ungejua nitafika hapa, hivi unavyoniona, ungesema?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo njia nzima. Nilikuwa na maneno yangu, ya haki na ya kweli, na yule mwanamke wa Machakos. Nikamtazama, na yote yakanitoka.

"Ningenyamaza," nikasema.

Alinikazia macho yale ya manjano, kisha akacheka. Kicheko kilimchosha, akalazimika kupumzika kabla ya kusema.

"Ati ungenyamaza! Wewe, Wabwile? Tangu utoto hujui kudanganya, na leo ndiyo unaanza, bana, tena kwangu mimi." Akajigeuza polepole akanipa mgongo. "Haya, nikune hapa katikati. Mkono wangu haufiki."

Nikamkuna, nikawa nalia huko nyuma yake asinione.