Ndiyo za Bujiku

Mimi Juliana mdomo wangu hauna breki, muulize mume wangu. Lakini nikikaa kiti cha mzee wa baraza, mahakama ya mwanzo ya Iringa, nilikuwa kondoo. Miaka mitatu Hakimu akiuliza, "Wazee mnasemaje?", mimi na Mzee Jailos tunajibu, "Tunakubaliana nawe, Mheshimiwa." Basi, narudi zangu Kalenga kupalilia.

Mwaka sabini na nne wakamleta Bujiku, Msukuma mfugaji wa Usangu. Alikamatwa akiswaga ng'ombe wanne kwenda mnadani, mfanyabiashara mmoja akadai ni wake. Wizi wa mifugo ulikuwa miaka mitano jela. Mkewe, Mbuke, alikaa benchi la nyuma na mtoto mgongoni.

Hakimu akasoma maelezo ya polisi. "Umesikia? Uliiba?"

"Ndiyo, mzee," Bujiku akajibu, kainamisha kichwa kwa adabu.

"Amekiri. Wazee mnasemaje?"

Mzee Jailos akakubali. Mimi nikamtazama yule mtu. Anapewa miaka mitano, anatabasamu kama amekaribishwa ugali? Haiwezekani!

"Mheshimiwa, nina swali. Bujiku, ni wewe uliyeiba kengele ya kanisa letu?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi ni mkeo?"

"Ndiyo, mama."

Watu wakaangua kicheko. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Maskini, mtoto wa watu hajui Kiswahili! Kwao mkubwa akisema, unaitikia. Na kule polisi aliitikia vivyo hivyo.

"Mama Juliana, unatupotezea muda," Hakimu akafoka.

"Muda ni wetu, Mheshimiwa. Miaka mitano ni yake. Sikubali."

Mzee Jailos akakohoa. "Hata mimi nafuta neno langu."

Wawili kwa mmoja, na kisheria kura ya mzee wa baraza ni sawa na ya Hakimu. Hakimu akaahirisha kesi, atafutwe mkalimani.

Kesho yake akaja Roza, mwalimu wa elimu ya watu wazima pale Mlandege, mzaliwa wa Shinyanga. "Mwangaluka," akamsalimu kwa Kisukuma. Bujiku akainua kichwa, akaongea, jamani, kama bomba lililozibuliwa! Akamtaja kila ng'ombe, kazaliwa lini, ana kovu wapi. Tukatoka nje walikofungwa, tukakuta makovu pale pale alipopataja. Mfanyabiashara hakujua hata kovu moja. Tukamwachia Bujiku, na Mbuke akalia kwa sauti.

Nje, Bujiku akanishika mikono, akasema maneno marefu.

"Ananishukuru?" nikamuuliza Roza.

"Ameshashukuru. Sasa anauliza habari za Seni, Msukuma mwenzake aliyekuwa naye mahabusu. Amefungwa wiki iliyopita. Anauliza, na yeye atatafutiwa mtu?"

Seni nilimkumbuka. Mzee mwembamba, "ndiyo, mama," "ndiyo, mzee." Hakimu aliuliza tunasemaje, na mimi nilikubali.

Rufaa ni siku thelathini. Nikamvuta Roza mkono, tukarudi ndani.