Mbayuwayu wa Shemeji Chenge

Tangu apunguzwe kazi kwenye shirika la pamba, Chenge alihamia kwa kaka yake, mtaani Kiseke, akakifanya chumba cha Odeta kuwa ofisi. Mlangoni aliandika: Chama cha Kuokoa Mbayuwayu Kanda ya Ziwa. Mwanachama alikuwa yeye peke yake. Odeta, binti wa kidato cha nne, alisomea jikoni machozi yakimtoka kwa moshi, na mama yake, Teodora, alikwisha choka.

Miaka hiyo kila aliyepunguzwa kazi alianzisha chama cha kuokoa kitu. Yatima walikwisha pata wenyewe, miti pia. Chenge akainua macho, akaona viota vya udongo chini ya paa la baraza, akasema hao hao. Teodora alimwambia mbayuwayu wamejaa kuanzia Mkolani hadi Busisi. Akajibiwa kwamba mwenye stashahada ya ugavi asiingilie mambo ya ndege.

Chenge alipowaandikia wafadhili, wakaahidi kumtuma mtaalamu aje kukagua, mume wa Teodora aliamua: mtaalamu huyo akikataa, Odeta anarudishiwa chumba siku hiyo hiyo.

Asubuhi ya ugeni Teodora alikuta baraza limetapakaa udongo na maganda ya mayai. Chenge alikuwa juu ya stuli, ameshika mwiko wa ugali wa Teodora, anabomoa viota. Alibakiza kimoja.

"Shemeji, ndiyo kuokoa huko?"

"Sasa wakiwa wengi hivi, nani ataamini wanakwisha?"

Teodora alimtazama mtu mzima huyo, vumbi hadi kwenye nyusi, ndege wakimzunguka kichwani kwa kelele. Alimnyang'anya mwiko, akaenda kuuosha kwa maji ya moto.

Mtaalamu, Bi Wilhelmina, alisikiliza hotuba ndefu juu ya kiota cha mwisho huku macho yake yakipita kwenye alama mbichi za udongo ukutani. Aliuliza nani kabomoa vingine. Chenge akasingizia watoto wa mtaani, na vumbi bado li kwenye nyusi zake.

"Huyu ni mbayuwayu wa kawaida, Bwana Chenge. Hatishiwi kutoweka popote. Labda hapa kwako."

Aliondoka bila kumaliza chai.

Chenge akasema pengine mdiria ndiye angefaa zaidi, wafadhili wanapenda ndege wa rangi rangi. Teodora hakumngoja amalize. Alikwisha ingia chumbani.

"Odeta, shika meza upande huo, mama. Mdiria, baba yako mdogo atamwokolea kwa dada yake kule Geita."