Sangwa Alitaka Kuwa Joka

Sangwa alitaka kuwa joka. Hakutaka kuliua, maana kuua joka ni hamu ya kila anayeucheza mchezo huu, wala hakutaka kulipanda mgongoni na kutamba nalo angani. Alitaka kuwa joka lenyewe, na mabawa na magamba na yote. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, alimwomba Rugamba, na kwa miaka miwili Rugamba alimjibu neno moja tu: "Tutaona."

Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza, ingawa ukiwakuta watu wazima wakiucheza unaweza kudhani wamechanganyikiwa. Wanakaa mezani. Kila mmoja ana karatasi, na kwenye karatasi yumo mtu wa kubuni, na jina lake, nguvu zake na silaha zake. Mmoja wao hana mtu; huyo ndiye Mwamuzi. Yeye husimulia: mmefika pangoni, kuna giza, kuna kitu kinapumua. Wenzake husema watafanya nini, dadu hurushwa, kisha Mwamuzi hutamka kilichotokea. Akisema umekufa, umekufa, hakuna pa kukata rufaa.

Rugamba ndiye alikuwa Mwamuzi, na cheo kilimkaa sawasawa. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wakiwa ukimbizini, akarudi Kigali na Kiswahili chake na kuwa mpima ardhi. Siku za kazi aliwaambia watu mpaka wa kiwanja chao unaishia wapi, nao wakanuna. Jumamosi aliwaambia rafiki zake kitabu cha mchezo kinaruhusu nini, nao wakanuna vilevile.

Raihana, fundi cherehani wa Nyamirambo mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa na ombi lake pia. Alitaka mhusika anayefufua wafu. "Mwenzenu nimechoka kuwa mganga wa kufunga vidonda," alisema. "Nipe mtu wa kuwaita maiti, nao waitike labeka." Conrad, mkalimani wa mikutano kule Kimihurura, alicheka mpaka akamwaga chai. Rugamba hakucheka. Mezani kwake, alisema, wafu hawaamshwi; katika nchi hii wamelazwa kwa taabu ya kutosha. Hapo alikuwa na haki yake, tusimnyime. Lakini joka? Joka lilimkosea nini? Halikuwamo kitabuni miongoni mwa wahusika, basi, na mtu wa vipimo hapendi kitu kisichokuwa na ukurasa wake.

Na Sangwa hakuwa anadeka. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa ule wa damu ambao chembe zake hupinda na kukwama njiani, na mvua za Kigali zikianza, baridi kidogo tu ilitosha kumlaza akiuma shuka. Ndiyo maana walichezea kwao, Remera, nyuma ya uwanja wa Amahoro, katika sebule ya mama yake. "Joka damu yake iko moto," alimwambia Rugamba siku moja, akiwa amejifunika blanketi mbili. "Haisimami njia. Miye nataka niijue hiyo, hata kwa mchezo." Akaandika kanuni zake mwenyewe, ukurasa mzima kwa mkono, akampa Mwamuzi asome. Rugamba aliukunja ukurasa akauweka ndani ya kitabu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na huyu bwana alikuwa fundi wa kungoja.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa tatu. Athanasie, mama yake Sangwa, alikuwa amekwenda Rwamagana kwenye gusaba, sherehe ya kumposa binti wa dada yake. Athanasie hakuwa mtu wa sherehe. Katika nyumba iliyokuwa na watu tisa, baada ya mauaji ya kimbari alibaki yeye na dada yake, na baadaye mume naye akafa, akabaki na Sangwa. Safari hii alishona mushanana mpya, vazi la sherehe la kufunga begani, akasukwa nywele, akaondoka mapema akiwa na haya kama bibi harusi.

Rugamba alifika saa nne asubuhi kupanga ramani ya mchezo, akamkuta rafiki yake sakafuni. Wakaenda hospitalini kwa teksi. Njiani Sangwa alisema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho l mara nyingine hugeuka r, "Mama usimwambie. Amarize sherehe." Hilo ni kweli, alilisema. Ila saa saba mchana alibadili neno. "Mpigie mama." Rugamba alikuwa na simu mkononi. Alikwisha kuyaona yale maumivu yakija na kuondoka mara ngapi? Dripu ilikuwa imewekwa, dawa imeingia. Alimwonea huruma mama wa watu na mushanana yake. "Tutaona," alisema. "Ngoja dawa ifanye kazi." Saa nane Sangwa akaomba tena, naye akajibu vilevile. Saa tisa akaomba kwa midomo, sauti haikutoka. Saa tisa na nusu alikufa. Kutoka Rwamagana hadi Kigali kwa gari ni saa moja na kidogo, na Rugamba, mpima njia na viwanja, aliujua umbali huo barabara.

Athanasie alipofika, bado kavaa mushanana, Rugamba alimwambia, "Alilala tu, mama. Hakuita mtu." Alidhani anampa zawadi.

Siku zote za matanga Athanasie aliwapa wageni maneno hayo hayo. Hakuita mtu. Alilala. Wageni wakatikisa vichwa, wakasema Mungu amempunguzia. Rugamba alikaa kwenye benchi na wanaume wengine akiinamia viatu vyake. Usiseme hakuwa na nafasi ya kusahihisha. Nafasi zilikuwapo asubuhi na jioni, naye alizitazama zikipita.

Wiki ya sita, Athanasie alimpigia simu kila mmoja: Jumamosi waje kucheza. Wakaja wote watatu, wakiwa na aibu kama watu waliochelewa ibada. Mvua ilikuwa inanyesha. Meza ilikuwa imefutwa, chai tayari, na kiti cha Sangwa hakikuwa kitupu, kwa sababu mama yake mwenyewe alikikalia, kitenge mabegani, uso umekonda hadi mifupa inahesabika. Aliweka mikono mezani.

"Mimi nilikuwa nasikia nyuma ya mulango," alisema. "Kila Jumamosi. Ndiyo wakati mutoto yangu alikuwa anacheka. Sikuelewa yote, lakini nilisikia Raihana anaomba mutu wa kuamsha wafu. Rugamba, mwana wanjye, wewe ulikataa. Leo umupe."

"Mama Sangwa," Raihana alisema upesi, "mimi nilikuwa natania tu."

"Basi tania tena."

"Mama, huu ni mchezo," Rugamba alisema.

"Najua ni muchezo. Mimi si mujinga. Sisemi atatoka kaburini. Nataka kumuuliza neno moja, na sina pahali pengine pa kuuliza." Alimtazama. "Miaka makumi mbili na sita, mutoto huyu hakushikwa na maumivu hata siku moja bila kuniita. Hata nikiwa jikoni, hata nikiwa kwa jirani. Ile siku nimeenda kucheza ngoma, hakuniita. Alikuwa ananichukia kwa nini? Usiku sirari. Ninamuuliza, hajibu."

Wiki sita Rugamba alikuwa akijiambia kwamba uongo wake ni shuka alilomfunika mama huyu, kumbe ndio uliokuwa ukimtafuna. Alimtazama Conrad. Conrad, anayelipwa kutafsiri maneno ya wakubwa, alikuwa ameikodolea macho sukari. Hakukuwa na wa kumsaidia.

"Sawa," alisema Mwamuzi. "Raihana, kuanzia sasa mhusika wako anafufua wafu."

Raihana alinong'ona jina la Mungu, akaomba msamaha wake, kisha akachukua dadu ya pande ishirini. "Namwita Sangwa," alisema, akairusha. Hakumwita kwa jina la mhusika, na hakuna aliyemrekebisha. Dadu ikabingirika, ikasimama. Hakuna aliyeisoma.

Rugamba alifungua kitabu akautoa ule ukurasa wa mkono. Alitaka walau hilo alitende vizuri. Akaanza kusoma yale aliyoandika rafiki yake, kwamba ardhi inapasuka, linatoka joka la rangi ya shaba, magamba yake yanafuka mvuke mvua inapoyagusa, na damu yake ni ya moto hata baridi inalikimbia.

"Oya," Athanasie alisema. "Hiyo sitaki. Nataka mutoto."

Rugamba akakunja ukurasa. Akasema polepole, kwa Kiswahili cha Sangwa, kile alichokuwa akimchekea, "Niko hapa, mama."

Athanasie alijiziba mdomo kwa kitenge. Raihana alianza kulia bila kelele. Ilikuwa dhambi au haikuwa, hayo watajuana na Mola wao, lakini sauti ilikuwa ya Sangwa.

"Ulikasirika?" mama aliuliza. "Kwa sababu nilienda?"

"Sikukasirika. Nilifurahi ulisuka nywere."

"Basi mbona haukuniita?"

Hapo pangetosha uongo mdogo tu. Rugamba alikuwa nao tayari tangu alipoketi: maumivu hayakuchukua muda, mama, usingizi ulinishika. Mwamuzi akisema jambo, ndivyo lilivyo. Angeutamka, mama angepata usingizi, nao wangekunywa chai. Alifungua mdomo autoe, na akaona hawezi kumtilia Sangwa mdomoni uongo ule ule mara ya pili.

"Nilikuita," alisema. "Mara tatu. Rugamba alikuwa na simu kwa mukono. Nilimwambia, mpigie mama. Akasema tutaona. Nikamwambia tena, akasema tutaona. Mara ya tatu sauti haikutoka, lakini aliona midomo. Alijua nasema nini."

Raihana aliondoa mkono wake mezani. Conrad alisema, "Rugamba," akakisukuma kiti chake nyuma. Athanasie peke yake hakushtuka. Alimgeukia Conrad, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza siku ile, kama anayempa jirani habari njema. "Yampamagaye," alisema. "Aliniita. Unasikia? Mara tatu aliniita." Machozi yalikuwa yakimtiririka naye akitabasamu, na kulitazama tabasamu lile kulikuwa kugumu kuliko kilio chochote cha matangani.

Likamwisha taratibu. Akairudia ile sauti, akaielekea kana kwamba mwanawe amekaa katikati ya meza.

"Na huyu Rugamba," aliuliza, "umemusamehe?"

Mvua ilipiga bati. Rugamba aliitaka ile ndiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Ilikuwa neno moja, na mwenye kulisema alikuwa yeye. Sangwa alikuwa mpole; huenda kweli angelisema. Huenda.

"Sijui, mama," alisema, na sasa Kiswahili kilikuwa chake mwenyewe, cha Karagwe. "Hapo ni mimi ninayesema. Yeye ameishia pale. Nilikudanganya mimi, na kukupigia nilikataa mimi. Nakuomba msamaha."

Athanasie alifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoa simu yake mfukoni, akatafuta kitu kwa kidole kimoja, taratibu, kama wafanyavyo wasioona vizuri. Akainuka, akazunguka meza, akaiweka simu mbele ya Rugamba.

Ilikuwa video. Hema jeupe, watu wameketi, ngoma zinalia. Katikati alikuwa Athanasie na mushanana yake, mikono ameitandaza juu kama pembe za ng'ombe, shingo imenyooka, macho ameyafumba kwa raha, anacheza. Wanawake walikuwa wakimpigia makofi. Juu ya picha palikuwa na tarehe ya siku ile na saa: saa tisa na dakika ishirini.

"Watu wote wa Rwamagana wananiambia hii video iko nzuri," alisema nyuma ya bega lake. "Tazama."

Rugamba alitazama. Raihana alisema, "Mama Sangwa, inatosha," lakini Athanasie hakumsikia, au alimsikia. Video ilikuwa ya dakika nne, naye alisimama pale, mkono juu ya egemeo la kiti, mpaka ngoma zikanyamaza na wageni wakashangilia. Ndipo akanyoosha kidole, akaianzisha upya.